Kwaresima Isiyo na Mluzi

Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni

Mama yangu wa ubatizo,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika maana kwenye simu hatuelewani. Juzi nilipokupigia, mke wa mwanao ilibidi akurudie kila neno langu kwa sauti ya juu, na nikamsikia mwenyewe akitangaza, "Fundi anauliza kama kusinzia katikati ya rozari ni dhambi." Nyumba yenu nzima ilicheka. Afadhali karatasi, hata kama posta yetu inajikongoja.

Majivu yanakaribia, na hii ni Kwaresima yangu ya kwanza nikiwa mbatizwa. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa mkatekumeni, mzee mzima mwenye mvi kidevuni nimebanwa kwenye dawati la watoto wa kipaimara, na wewe msimamizi wangu umekaa nyuma yangu kama askari. Tangu uhamie kwa mwanao kwa sababu ya goti, benchi lile la nyuma limepoa.

Sasa nataka kufunga sawasawa, ila sijui nijinyime nini. Pombe sinywi. Sukari daktari alishaninyang'anya. Nyama kwetu ni mgeni wa Jumapili. Mwenzangu tunayetengeneza naye lifti anasema nijinyime kazi ili yeye apumzike nami. Nisaidie, nisije nikafika Pasaka nikiwa nimemtolea Mungu makombo.

Mke wangu anakusalimu. Kanisani bado haji na simlazimishi, lakini kila Jumapili ananipigia pasi shati bila kuombwa. Anasema siwezi kwenda kwa Mungu na mikunjo halafu lawama aibebe yeye. Namshukuru kwa hilo kuliko anavyojua.

Mwanao wa ubatizo,
Fundi Lifti


Sikukuu ya Mama wa Lurdi

Fundi wangu,

Milele na milele, Amina. Kusinzia katikati ya rozari si dhambi, ila ukikoroma unawasumbua majirani. Sali asubuhi ukiwa umesimama. Mimi nasali nikitembea ukumbini siku goti likinikubalia, na nasali mbio kama kawaida yangu. Kwaya waliponiita Mama Chapchap walidhani nitaudhika. Mungu hajawahi kuniambia nipunguze mwendo.

Hapa nalelewa kama yai. Mke wa mwanangu ni mwema mpaka nachoka. Nikishika ufagio, anaupokea. Nikiingia jikoni, naletewa kiti. Mtu niliyepika kwenye masufuria ya shule maisha yangu yote, leo naletewa chungwa limeshamenywa. Ninachojifunza Kwaresima hii ni kusema asante bila kukunja uso, na nakwambia ni kugumu kuliko kukosa nyama.

Sasa lako. Usitafute kitu kibaya, hicho ulipaswa kuwa umeshakiacha. Tafuta kitu kizuri, kidogo, unachokipenda bila hata kukifikiria. Kitu ambacho ukiamka bila hicho, unahisi umesahau kuvaa. Hicho ndicho umpe Mungu.

Kisha funga mdomo. Bwana alituambia tufunge sirini. Mwenzako wa kazini asijue, wanakwaya wasijue, na mkeo pia usimwambie. Ukimwambia atakuhurumia au atakucheka, na vyote viwili ni malipo ya duniani. Mimi niambie, maana mimi ni msimamizi wako na ndiyo kazi niliyobakiwa nayo.

Wako,
Mama Chapchap


Jumapili ya kwanza ya Kwaresima

Mama yangu wa ubatizo,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekipata. Ni miluzi.

Pengine hujui, maana kanisani huwa najizuia. Mimi napiga mluzi tangu nikiwa kijana, na siku hizi sijui hata ninapoanza. Kazini ndiyo taa yangu. Nikishuka kwenye shimo la lifti na mwenzangu akabaki juu kwenye chumba cha mashine, hanioni. Anasikiliza mluzi tu, na kwa mluzi huo anajua niko ghorofa ya ngapi na kwamba sijabanwa mahali. Ukikatika, anazima mtambo kwanza, maswali baadaye.

Nyumbani vilevile. Sisi tunakaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Ndiyo, fundi lifti anapanda ngazi, wapangaji wameshacheka wakachoka. Nikifika chini naanza mluzi, na mpaka nifike juu mlango uko wazi, birika liko jikoni, na mke wangu amerudi kwenye cherehani yake kumalizia mapazia ya watu.

Basi tangu Jumatano ya Majivu nimeacha. Kazini imekuwa vichekesho. Mwenzangu anapiga kelele kutoka juu, "Upo?" Najibu, "Nipo." Tunakwenda hivyo mchana kutwa, mpaka watu wa ofisi za ghorofa ya tatu wametoka kuuliza nani amepotea. Nimemwambia nina kidonda mdomoni. Hiyo nayo itabidi niiungame.

Nyumbani nabisha hodi kwangu mwenyewe kama mgeni. Mke wangu anafungua, ananitazama, anarudi kwenye kushona. Nadhani hajagundua. Ana mapazia ya hoteli nzima kichwani.

Lakini Mama, sikiliza nilichokigundua mimi. Kila midomo inapojikunja yenyewe kutaka kupiga mluzi, nasema moyoni, "Asante, Bwana." Na inajikunja mara nyingi ajabu. Nikiona uji unachemka. Nikisikia mtambo umekubali. Nikimwona yeye amejisahau, amebana pini mdomoni. Sikujua kama kwa siku moja nafurahi mara nyingi hivyo. Nilikuwa tajiri, wala sina habari.

Mwanao,
Fundi Lifti


Jumapili ya pili ya Kwaresima

Fundi wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaificha chini ya mto, nikaitoa tena. Hapo ulipofika wengine tumefika tukiwa hatuna meno. Sala ni hiyo hiyo, kumkuta Mungu penye uji unaochemka. Padre angekuhubiria mwezi mzima asikufikishe hapo.

Endelea, na usilegee. Kuhusu mkeo umefanya vizuri. Akiuliza, mwambie umechoka. Siri ikishatoka ni kama birika lililoachwa bila kifuniko, mvuke wote unaishia darini.

Mimi leo nimeletewa soksi nikiwa nimeshavaa soksi. Nimesema asante.

Wako,
Mama Chapchap


Tarehe 12 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mke wa Fundi. Tulionana siku ya ubatizo wake. Nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, ukanifuata ukanishika mikono, ukaniambia mume wangu umemwazima tu na utamrudisha. Nilikupenda kwa neno hilo, ndiyo maana nakuandikia wewe. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha zako.

Naomba uniambie kweli. Mume wangu amekuambia nini?

Amenyamaza. Hagombani, hanuni, sahani anaosha kama siku zote. Ila hapigi mluzi. Labda kwako ni jambo dogo. Mimi nimeishi na mluzi huo miaka yote ya ndoa, najua wimbo wa siku aliyolipwa, wimbo wa mgongo unaouma na wimbo wa kutaka kunichokoza. Sasa anatokea mlangoni bila sauti, nashtuka mpaka sindano inanichoma. Nikimuuliza, anasema amechoka.

Nyumba yetu iliwahi kunyamaza mara moja tu kabla ya sasa. Tulipata mtoto wa kike, Mama. Sidhani kama amewahi kukuambia, maana hata mimi haniambii. Hakufika mwezi. Tulipotoka kuzika, mume wangu alifunga mdomo, na mluzi ulirudi mvua za mwaka uliofuata. Jina la yule mtoto hakulitaja tena. Nami nikaacha kulitaja, kwa kuwa nilikuwa nikilitaja anatoka nje.

Sasa sikia la pili, na hili halijui mtu ila daktari na dada yangu. Nina mimba. Nilidhani miaka hiyo imeshanipita. Nilijua wiki ileile ya majivu yenu, na wiki hiyohiyo ndiyo akanyamaza. Mimi sikumwambia, nilitaka miezi ya hatari ipite kwanza. Lakini ninavyoona ameshajua. Ameniona natapika, amehesabu mwenyewe, na ameanza kuomboleza mapema. Au hamtaki. Siwezi kuuliza, Mama. Nikiuliza na jibu likawa hilo, nitalibeba vipi pamoja na tumbo?

Sisemi ni kanisa limemharibu. Tangu aanze kuja kwenu amekuwa mpole zaidi, na nilikuwa nashukuru kimyakimya. Nataka tu kujua ninaishi na nini. Na nakuomba, habari ya mimba usimwambie. Hiyo ni yangu kuisema.

Mke wa Fundi


Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifanya nikae kitandani na viatu vyangu.

Mumeo hajaniambia chochote kuhusu mimba, na kwa barua zake sioni kabisa kama anajua. Kuhusu mtoto wenu wa kwanza sikuwahi kusikia hata nusu neno. Nakupa pole ambayo imechelewa miaka.

Ninachoweza kukwambia ni hiki: ukimya wake hautoki kwako, hautoki kwa huyo aliye tumboni, na wala si ugonjwa. Sababu yake naijua. Ni njema, na ni ya kijinga, na mjinga mkubwa ni mimi. Lakini aliniambia kwa siri kama wewe ulivyoniambia la kwako, na nikianza kubeba maneno ya huyu kwa yule nitakuwa sifai kwa wote wawili. Leo hii namwandikia akufungulie. Nawe usingoje miezi ipite. Mwambie.

Nakutaja kwenye rozari yangu, na kwa ajili yako nasali polepole. Mke wa mwanangu amekuja kuuliza kama naumwa.

Mama Chapchap


Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Fundi,

Ukimaliza kusoma hii, shuka mpaka chini ya ngazi zenu, kisha panda ukipiga mluzi. Leo, si kesho. Usiniulize sababu, na usingoje Pasaka. Halafu mwambie mkeo ulikuwa unafanya nini wiki zote hizi. Nilikukosesha nilipokuambia umfiche.

Msimamizi wako


Jumanne, wiki ya tano ya Kwaresima

Mama yangu wa ubatizo,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuheshimu kama mama aliyenizaa, lakini hili siliwezi. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba Kwaresima ikifika katikati, inakuja sauti tamu ya kutuambia basi, imetosha, Mungu ameshaona. Sikutegemea sauti hiyo itakuja na stempu yako. Nimewaza kwamba umenihurumia kwa sababu ni mgeni katika dini. Usinihurumie. Nilimwahidi Mungu mpaka Pasaka, na nitafika.

Tena sasa ndiyo nina sababu zaidi. Mke wangu ameondoka. Ijumaa nilirudi nikamkuta amefunga mkoba. Alisema dada yake amepata kazi ya mapazia ya shule na anataka mkono wa pili. Lakini cherehani ameiacha, na nguo alizobeba si za wiki moja. Nilimuuliza atarudi lini, akasema, "Ukinihitaji unajua pa kunipata." Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikabeba mkoba, nikampakia kwenye basi.

Nadhani amechoka kuishi na mume wa kanisa. Hajalisema, ni mstaarabu, ila naona. Nimekubali kuubeba kama msalaba wangu, na namtolea Mungu kila jioni. Nakula nimesimama jikoni. Mlango naufungua mwenyewe. Sitakuficha, Mama, ninamkumbuka sana, na zile asante nilizokuwa nasema mwanzoni mwa Kwaresima hii sasa hazitoki. Midomo haijikunji tena.

Barua yako kwake imefika baada ya yeye kuondoka. Sikuifungua. Nimeiweka juu ya cherehani.

Niombee nivumilie,
Fundi Lifti


Ijumaa kabla ya Matawi

Fundi,

Barua hii naituma kwa mkono wa katekista anayekuja huko kesho, maana posta siiamini na wewe sikuamini zaidi.

Huo si msalaba. Huo ni ukaidi, na mbao zake nimekukatia mimi. Msalaba anaupokea mtu, hajitengenezei mwenyewe halafu akamfukuza mkewe ili upatikane.

Sasa nisikilize nikiwa nimetulia, jambo ambalo hulioni mara nyingi. Nilikufundisha nusu. Bwana alisema tufunge sirini, kweli, lakini papo hapo alisema tunawe uso, tusitembee na sura za huzuni. Sisi tulishika siri, uso tukausahau. Wewe nyumbani kwako hukuwa na uso mwingine ila ule mluzi. Mkeo alikuwa anausoma kila siku, na ghafla ukaufunga. Alisoma nini badala yake? Hujamuuliza. Umemjibia mwenyewe, ukatoa na hukumu, ukaitolea Mungu kila jioni.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Ulimpa Mungu kitu ambacho hakikuwa chako peke yako. Mluzi ule nusu yake ni ya mkeo. Ulipaswa kumuomba ruhusa kabla ya kuupeleka altareni. Mungu hapokei cha wawili kutoka kwa mmoja, na sidhani kama amekipokea. Nadhani amekuwa anakusubiri ukichukue.

Kwa nini nilikushauri vile? Nimejiuliza wiki nzima, na jibu silipendi. Mimi hapa nakaa kitini naletewa chungwa. Hakuna anayehitaji neno langu. Nikapata mtu mmoja, mbali, anayenisikiliza, ikanipendeza kuwa na siri naye, ikanipendeza kumwamuru. Hapo sikuwa nafikiria roho yako. Nisamehe. Nimekwenda kuungama, mwanangu akanibeba kwenye ngazi za kanisa mbele za watu wote, na nilisema asante na safari hii sikukunja uso.

Kama unaogopa kuvunja ahadi kwa neno la mama mwenye goti bovu, nenda kwa paroko akufungue. Kisha uende kwa shemeji yako ukamwone mkeo. Mpelekee ile barua. Mwambie yote ya kwako, halafu unyamaze, maana naye ana la kwake, na hilo sitalisema hata ukinilipa. Acha msalaba nyumbani. Nenda na masikio.

Msimamizi wako, akipenda Mungu,
Mama Chapchap


Jumatano Kuu

Mama,

Nimekwenda kwa paroko. Nilimweleza yote kwa unyenyekevu, nikidhani atanipa kitubio kizito. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hapo hapakuwa na nadhiri, palikuwa na mtu na nia njema, na sasa mtu huyo akazungumze na mkewe kabla Bwana hajafufuka.

Nilirudi nyumbani nikapanda mpaka ghorofa ya pili nikashindwa kuendelea. Nilikaa kwenye ngazi na begi la vifaa. Nilikuwa najiuliza swali lako, mke wangu alisoma nini badala yake, na jibu likaja lenyewe, likanipiga. Iliwahi kutokea wakati mwingine nikaacha mluzi. Hilo sijakuambia. Sijamwambia mtu, hata paroko, hata katika maungamo, kwa kuwa halikuwa dhambi na sikujua linasemwa wapi. Yeye alikuwepo. Yeye ndiye aliyeishi na mimi wakati ule. Na mimi nimemrudisha mle ndani bila kumwambia neno, eti nafunga.

Mama, nimeogopa. Sijui kama atanifungulia. Kesho mwenzangu ananishikia zamu, nami naondoka na basi la kwanza.

Asante kwa kunigombeza. Kusamehe nimekusamehe tangu mstari wa kwanza.

Fundi


Tarehe 7 Aprili

Mama,

Shikamoo. Najua unasubiri, kwa hiyo nianze na habari: niko nyumbani, mimba iko salama, na mume wangu anajua.

Alifika kwa dada yangu Alhamisi, kabla ya saa ya chakula. Dada ndiye aliyemwona kwanza kupitia dirishani. Alikuwa amesimama getini anajaribu kupiga mluzi na mdomo umemkauka, inatoka hewa tu, anafuta midomo kwa kiganja, anajaribu tena. Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikwenda kumfungulia.

Alikaa kwenye benchi la nje akanieleza yote, Majivu, wewe, kidonda cha uongo cha mdomoni, msalaba wake, paroko aliyevua miwani. Nilikasirika sana, Mama, na nikukosee adabu kidogo, nilikukasirikia na wewe. Wiki zote zile nilikuwa najiandaa kulea peke yangu, kumbe mtu anafunga miluzi. Nilimwambia hivyo. Hakujitetea. Aliniuliza, "Kujiandaa kulea nini?"

Ndipo nikamwambia. Aliteleza kutoka kwenye benchi akakaa chini kwenye vumbi, na shati nililompigia pasi mimi. Alinishika vifundo vya miguu, akakaa hivyo mpaka jirani akauliza kama kuna msiba. Dada akamjibu hapana, ni kinyume chake. Barua yako nilikuja kuisoma baadaye, na hasira ikaniisha hapo ulipoandika unasali polepole.

Jumapili ya Pasaka tulikuwa tumesharudi. Alikwenda kanisani, mimi nilipika. Sitakudanganya kwamba nimebadilika, kanisani sijui kama nitakuja. Nitakuambia kilichotokea mezani tu, maana nadhani kinakuhusu.

Mume wangu kabla ya kula huwa anasali kimoyomoyo. Anainamisha kichwa, midomo inacheza, mimi nangoja, tunakula. Safari hii aliniuliza kama anaweza kusali kwa sauti. Nikamwambia nyumba ni yake. Akashukuru kwa wali. Akamshukuru Mungu kwa mwenzake wa kazini na koo lake, kwa nyaya ambazo hazijakatika, kwa Mama Chapchap na mdomo wake. Nilitaka kucheka. Akashukuru kwa huyu anayekuja, akaomba tukabidhiwe salama.

Halafu akanyamaza. Nikadhani amemaliza, nikashika kijiko. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Akasema, "Na asante kwa yule wa kwanza," akamtaja kwa jina lake, jina lote, kama tulivyoliandikisha. Akasema, "Asante kwa siku zote tulizomshika. Asante kwa zile kucha zake ndefu, ambazo niliogopa kuzikata."

Mama, alizaliwa na kucha ndefu kweli, zilikuwa zinamkwaruza shavu. Mume wangu alikuwa anachukua mkasi mdogo, anakaa karibu na dirisha, anashika kidole kimoja, anaurudisha mkasi kabatini. Miaka yote hii nilidhani ni mimi peke yangu ninayezikumbuka.

Tulilia, na wali ukapoa, tukaula hivyohivyo.

Mke wa Fundi